Kucha za kubandika zimekubali kwenye kucha nilizozitafuna

Leo siku ya tano na hakuna hata moja iliyobanduka! Nimetafuna kucha tangu utotoni. Ni fupi mno, nyama ya ncha ya kidole imezipita. Kila nilipobandika, zilifumuka siku hiyohiyo. Niliongeza gundi, nikabadilisha gundi, wapi.

Kumbe nyama ile ndiyo iliyokuwa ikizisukuma juu. Sasa nafanya hivi: nachagua saizi inayofika pembe zote mbili bila kugusa ngozi, kisha napunguza kwa tupa ile sehemu inayolala juu ya kucha, maana kwangu ni ndefu mno. Nasugua kucha kidogo kuondoa mng'ao, naipangusa kwa asetoni (ile ya kuondolea rangi ya kucha), naacha ikauke kabisa.

Halafu tone dogo tu la gundi. Kwa kidole gumba navuta nyama ya ncha kwenda chini, nagusisha ukingo wa kucha ya kubandika kwanza kwa mshazari, nalaza taratibu hewa itoke, nashikilia sekunde 10. Nyama siiachii kabla gundi haijashika. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea miaka yote.

Mwisho nazikata fupi. Kidole chenye kidonda nakiacha kipone kwanza.