Magadi Kwenye Mwezi wa Zohali

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, nilisimama na shemeji yangu kwenye ukingo wa Ziwa Natron, viatu vyetu vikiwa vimeshika ukoko mweupe na harufu ya ziwa ikiwa imetuingia mpaka kooni. Shemeji ni mwalimu wa biolojia. Alikuwa akiwatazama heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi wetu tumezoea kuwaita flamingo, na ghafla akasema kwamba ikiwa uhai umeweza kustawi kwenye maji haya yanayochubua ngozi, basi yeye haoni sababu ya kudhani kwamba umekosekana kwingineko kote angani. Nilimjibu kwamba maji yanayofanana na haya yapo nje ya dunia yetu, na kwamba jambo hilo si la kukisia tena. Kuhusu uhai, hapo ndipo tulipotengana, na hatujapatana hadi leo.

Swali la uhai kwenye sayari nyingine huwapeleka watu wengi Mirihi kwanza, na siku hizi huwapeleka mbali zaidi, kwenye sayari zinazozunguka nyota nyingine, ambazo hakuna chombo kitakachozifikia katika maisha ya yeyote kati yetu. Mahali ninapopaona mimi kuwa pa maana kuliko pote si sayari kabisa. Ni mwezi mmoja mdogo wa Zohali unaoitwa Enceladus. (Nasema Zohali, ile sayari yenye pete, si Zuhura ya alfajiri, majina haya mawili huchanganywa hata na watu waliosoma.)

William Herschel aliuona mwezi huo kwa darubini yake mwaka 1789, na kwa karibu miaka 200 iliyofuata hakukuwa na mengi ya kuusema. Kipenyo chake ni kilomita 504 hivi, kiasi kwamba ukiulaza juu ya ramani ya Tanzania utafunika umbali ulio kati ya Dar es Salaam na Arusha na kuzidi kidogo tu. Umevikwa barafu safi inayorudisha karibu mwanga wote unaoupiga, kwa hiyo hata joto dogo la jua linalofika huko halibaki, na uso wake una baridi ya nyuzi 200 hivi chini ya sifuri. Kitu kidogo kiasi hicho, kwa hesabu za kawaida, kilipaswa kuwa kimeganda hadi ndani zamani sana.

Chombo cha Cassini, kilichorushwa Oktoba 1997 na kufika Zohali katikati ya mwaka 2004, ndicho kilichovuruga hesabu hizo. Mapema mwaka 2005 kifaa chake cha kupimia usumaku kilionyesha kwamba uga wa sumaku wa Zohali unapinda unapofika karibu na Enceladus, kana kwamba mwezi huo una hewa inayouzuia. Michele Dougherty wa Imperial College London, aliyeongoza timu ya kifaa hicho, pamoja na wenzake waliwashawishi wasimamizi wa safari wakisogeze chombo karibu zaidi, na Julai mwaka huo kikapita umbali wa kilomita 170 hivi tu kutoka kwenye barafu. Kilichoonekana kwenye ncha ya kusini ni nyufa nne ndefu, kila mmoja ukiwa na urefu wa kilomita 130 hivi, zenye joto kuliko barafu inayozizunguka, na picha zilizopigwa baadaye mwaka huohuo zikaonyesha mvuke na chembe za barafu zikifyatuka kutoka huko kwenda angani kwa mamia ya kilomita. Sehemu ya chembe hizo hurudi chini kama theluji, na nyingine hutoroka na kuwa pete nzima ya Zohali, ile inayoitwa pete E. Mwaka 2023 darubini ya anga ya James Webb iliuona mvuke huo ukienea karibu kilomita 10,000, yaani takriban mara 20 ya upana wa mwezi wenyewe.

Joto hilo linatoka wapi? Nadhani mtu wa pwani atalielewa jambo hili haraka kuliko sisi wa bara. Mvutano unaoifanya bahari ipwe na kujaa hufanya kazi huko pia, ila anayevuta ni Zohali, sayari yenye uzito mara 95 ya dunia, na kinachovutwa ni mwezi mzima, mwamba na barafu pamoja. Mwezi mwingine uitwao Dione hukamilisha mzunguko mmoja kila Enceladus unapokamilisha miwili, na kwa kuuvuta mara kwa mara mahali palepale huuzuia usizunguke katika duara kamili. Hivyo kila baada ya saa 33 hivi Enceladus husogea karibu na Zohali na kurudi nyuma, ukikandwa na kuachiwa, ukikandwa na kuachiwa kama unga wa chapati, na msuguano wa ndani ukazaa joto. Mwaka 2015 watafiti waliopima kuyumba kidogo sana kwa mwezi huo walionyesha kwamba ganda lake la barafu halikushikana na mwamba ulio katikati, kwa kuwa kati ya viwili hivyo kuna bahari inayouzunguka mwezi wote.

Kinachonifanya niuweke Enceladus mbele ya mahali pengine pote ni kwamba bahari hiyo hujimwaga nje yenyewe. Mirihi itabidi tuchimbe. Europa, mwezi wa Mshtarii ambao nao unaaminika kuwa na bahari chini ya barafu, haujatuonyesha chemchemi ya uhakika kama hii. Kwa Enceladus, chombo kinapita tu katikati ya mvuke na kuonja maji ya bahari ambayo hakuna aliyeyachimba, na Cassini ilifanya hivyo zaidi ya mara moja, ingawa vifaa vyake vilibuniwa na watu ambao hawakuwa na habari kwamba mvuke huo upo.

Majibu ya kuonja huko yalikuja kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chembe za barafu zina chumvi ya sodiamu, jambo linalomaanisha kwamba maji hayo yamegusana na mwamba. Mwaka 2015 zilielezwa chembe ndogo mno za silika, ile ya mchanga na kioo, za aina inayotokea pale maji yenye joto la nyuzi 90 au zaidi yanapokutana na maji baridi, na kwa hiyo chini ya bahari ile huenda kuna chemchemi za moto. Mwaka 2017 ikaongezwa hidrojeni. Lakini tangazo lililonifanya niweke kikombe cha chai mezani ni la Juni 2023, ambapo timu ya Frank Postberg wa Chuo Kikuu Huria cha Berlin, ikipitia upya vipimo vya zamani vya Cassini kwenye chembe za pete E, ilieleza kwamba imekuta fosfeti ya sodiamu. Kwa hesabu yao, fosfeti kwenye bahari ya Enceladus ni nyingi angalau mara 100 kuliko kwenye bahari za dunia.

Uzito wa habari hiyo unatokana na fosforasi yenyewe. Viumbe wote tunaowajua huihitaji kwa ajili ya DNA, kwa ajili ya utando wa seli, na kwa ajili ya ile molekuli inayobeba nishati mwilini. Katika vitu vya lazima kwa uhai, ndiyo inayopatikana kwa shida kuliko vingi, kwa sababu kwenye maji ya kawaida fosfeti hukamatwa na kalsiamu, zikaungana kuwa madini magumu na kuzama chini. Wengi walihofu kwamba bahari ya Enceladus ingekuwa maskini kwa namna hiyo. Haikuwa hivyo, na sababu yake ni magadi.

Sisi tunayajua magadi kwa kazi ya jikoni: kipande kidogo kinachotupwa kwenye sufuria ili maharage au kande iive upesi, au mlenda uvutike vizuri. Ni chumvi za kaboneti za sodiamu, na huganda kwenye maziwa kama Natron na Magadi, ambako maji yanayopita kwenye miamba ya volkano hufika na kukosa njia ya kutokea, jua likayakausha na kuacha kile yalichobeba. Kaboneti inapokuwa nyingi kiasi hicho, ndiyo inayowahi kuikamata kalsiamu na kuizamisha kama chokaa, na fosfeti ikabaki huru majini. Ndiyo maana baadhi ya maziwa ya magadi duniani yana fosfeti nyingi kupindukia, na ndiyo maana watafiti wa Enceladus walipotafuta maelezo ya walichokikuta walizungumzia bahari yenye kaboneti nyingi, yaani bahari ya magadi. Sidai kwamba Natron na Enceladus ni ndugu wa tumbo moja. Ziwa letu ni la chumvi kali mno, ilhali bahari ile haikolei chumvi hata kufikia Bahari ya Hindi. Ziwa letu lina jua, na kule ni giza tupu. Kinachofanana ni kemia ya kaboneti, na kwa mtu aliyesoma kemia hilo si dogo.

Shemeji alipoisoma habari hiyo alinipigia simu kama mtu aliyeshinda kesi. Hoja zake ni nzuri, nami nazikubali zote isipokuwa hitimisho. Ni kweli kwamba magadi si adui wa uhai. Ziwa Natron ndiko wanakozaliana sehemu kubwa ya heroe wadogo wa dunia nzima, na kwenye chemchemi za pembezoni mwake huishi samaki wadogo wa jamii ya perege katika maji ya moto ambayo perege wa Mto Ruvu asingeyavumilia hata dakika chache. Kutoka Ziwa Magadi la Kenya kilitambuliwa kijiumbe kilichoelezwa kisayansi mwaka 1984 na kupewa jina la ziwa hilo, nacho hakiwezi kukua kwenye maji yasiyo na chumvi na ukali wa magadi. Maji tunayoyaita mazuri ndiyo yanayokiua. Hata suala la giza lina jibu. Mwaka 1977 chombo cha majini cha Alvin kilishuka takriban mita 2,500 karibu na visiwa vya Galápagos na kukuta makundi ya viumbe kwenye chemchemi za moto ambazo jua halizifikii, na baadaye kwenye chemchemi za namna hiyo vikapatikana vijiumbe vinavyoishi kwa kuunganisha hidrojeni na kaboni dioksidi na kutoa methani. Vyote vitatu vimepatikana kwenye mvuke wa Enceladus.

Hapo ndipo ninaposhika breki. Hidrojeni ni chakula, na ile iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuwa nyingi. Ukiingia kwenye nyumba ukakuta sinia la pilau limejaa, linafuka mvuke, na hakuna aliyeligusa, unaweza kusema kwamba mpishi ni hodari, lakini ni vigumu kusema kwamba nyumba ina watu wenye njaa. Ziwani Natron hakuna mabaki ya namna hiyo: kila kinacholika kina mlaji, na wakati mwingine walaji ni wengi hadi maji yanakuwa mekundu. Kama vijiumbe vingekuwa vimeishi Enceladus kwa mamilioni ya miaka, ningetegemea viimalize hidrojeni, au angalau vipunguze kiasi chake hadi pale ambapo hailipi tena kuitafuta.

Shemeji hujibu kwamba huenda walaji ni wachache kwa sababu ya upungufu wa kitu kingine, au kwamba chakula hupikwa haraka kuliko kinavyoliwa, na siwezi kumwambia kwamba amekosea. Tena anayo karata nyingine, utafiti wa mwaka 2021 uliofanywa na wataalamu wa Arizona na Paris, waliokokotoa kwamba njia za kikemia zinazojulikana, zisizohusisha uhai, hazitoshi kueleza wingi wa methani inayotoka kwenye nyufa zile. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba wamepata uhai, bali kwamba vijiumbe vya methani vingeafikiana na vipimo, au vinginevyo kuna kazi ya kikemia huko tusiyoijua. Mimi huangukia upande huo wa pili, na ninayo sababu. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua Mirihi, vikamwagia udongo maji yenye virutubisho, na gesi ikatoka kama vile kuna kitu kimekula. Shangwe zikaanza, ila kifaa kingine palepale hakikuona dalili ya mada za uhai kwenye udongo ule. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikakuta kwenye udongo wa Mirihi chumvi za pakloreti, kemikali kali zinazoweza kuharibu mada hizo zinapopashwa moto ndani ya kifaa, na mjadala umeendelea tangu hapo. Udongo una hila nyingi kabla ya kufika kwenye kiumbe.

Ushahidi utakaoninyamazisha naujua. Amino asidi, matofali ya protini, huja katika maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kemia ya kawaida huzitengeneza kwa takriban nusu kwa nusu, lakini uhai wa dunia hii umechagua za kushoto karibu pekee. Chombo kitakachopita kwenye mvuke wa Enceladus na kukuta kwamba upande mmoja umezidi mno mwingine kitakuwa kimeonja chakula kilichopikwa na mtu. Cassini haikuwa na uwezo huo, na haipo tena: Septemba 15, 2017, mafuta yakiwa yanakwisha, iliangushwa kwa makusudi ndani ya Zohali ili isije ikaanguka Enceladus au Titan, mwezi mwingine wa Zohali, na kuacha huko vijidudu vya kwetu. Mwaka 2024 kamati ya wataalamu wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya ilipendekeza Enceladus kuwa lengo la safari yake kubwa ijayo, ya chombo ambacho kingeondoka mwanzoni mwa miaka ya 2040 na kufika katika miaka ya 2050.

Tumewekeana mbuzi. Kikipatikana kiumbe, hata kiwe kidogo namna gani, mbuzi ni wangu kumnunua. Amino asidi zikitoka nusu kwa nusu, anunue yeye. Dada yangu, ambaye ndiye atakayetupikia, alitusikiliza jioni nzima bila kutia neno, kisha akasema kwamba kwa meno tutakayokuwa nayo mwaka huo, mbuzi huyo itabidi achemshwe kwa magadi.