Moto upo?

Jumamosi usiku, Uyole, Mbeya. Nimenawa mara tatu kwa sabuni ya unga na mikono bado inanuka petroli.

Pikapu ya marehemu baba imenizimikia tena leo, nikitoka Kiwira na mikungu ya ndizi. Mara ya nne mwezi huu. Asubuhi huwa inawaka kwa stata moja, hata kwa baridi hii. Ikishapanda mlima kama nusu saa, kimya. Haikohoi, haina misi, inakata tu kama taa. Ukikaa pembeni dakika arobaini kwenye ukungu wa Isyonje, inawaka tena kana kwamba si yenyewe.

Mimi nilishaamua ni uchafu kwenye kabureta. Nimeisafisha mara mbili, filta nimebadili, hela imekwenda. Kumbe kila mara nilikuwa naipeleka gereji ikiwa imepoa, na ikipoa haiumwi.

Leo nikampigia mzee mmoja, fundi umeme wa magari, akapanda Kosta mpaka nilipokwama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Moto upo?"

Nikamwambia upo mwingi, boneti hata haishikiki. Akacheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa anaulizia moto wa plagi. Akachomoa waya mnene wa katikati kwenye distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, akausogeza karibu na bodi, nikapiga stata. Cheche hata ya dawa hakuna.

Kisha akatoa mita, akapima koili, ile inayoukuza umeme wa betri uwe moto wa plagi, kwenye vichwa vyake viwili vidogo, ikiwa bado inaunguza: njia imekatika. Akaifunika kitambaa kibichi, tukala ndizi, akapima tena: omu 1.5 (kipimo cha ukinzani wa waya), nzima kabisa. Waya wa ndani umekatika mahali. Ukipoa ncha zinagusana, ukipata joto zinaachana.

Mimi ningenunua koili nyingine kama ile na kuondoka. Yeye akaanza kufuata nyaya kwa kidole. Koili ya aina ile hupokea umeme kupitia rezista, kile kipande cheupe cha kauri kinachoupunguza, na hapa mtu alikuwa amekiruka, akaunga dairekti. Kwa betri ya volti 12, badala ya kula ampea kama 4 ikawa inakula 8, ikajipika taratibu. Akafungua na pointi, vile vichuma viwili vinavyokata na kuunga umeme wa koili, anionyeshe: upande mmoja umechimbika shimo, upande wa pili umeota kichuguu.

Ile sehemu iliyoungwa ilifungwa kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, mafundo mawili. Sikuhitaji kuuliza. Baba alifunga hivyohivyo mpini wa jembe, antena ya redio, mlango wa banda la kuku. Mzee akaniambia rezista ikikatika, gari huwaka ukishikilia ufunguo na kuzima ukiuachia. Basi huenda alikwama usiku, akaunga ili afike nyumbani. Na alifika. Kurudi kulitengeneza ndiko hakukuwahi kutokea.

Ilipopoa tukashuka nayo mpaka Uyole, nikafuata koili ya omu 3 Mwanjelwa, ile isiyohitaji rezista, pamoja na pointi na kondensa. Mzee alikata mafundo kwa wembe, akataka kuutupa ule mpira barabarani. Nikamwomba. Akanipa bila kuuliza, akaendelea kukaza skrubu.

Mikungu miwili imechubuka. Mteja kaipunguzia bei.