Chokoleti ya Roald Dahl

Nilisoma Charlie and the Chocolate Factory, kitabu cha watoto cha mwandishi Mwingereza Roald Dahl, kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Ramadhani, nikiwa ndio kwanza nafunga. Hebu fikiria: alasiri, jua la Mombasa limekaza, koo kavu, nawe unasoma habari za mto wa chokoleti. Pale Charlie, mtoto wa maskini, anapopata kipande chake kimoja cha chokoleti cha mwaka, siku ya kuzaliwa, akawa akikimega kidogo kidogo zaidi ya mwezi, nilirudia na kurudia huku nikimeza mate na kujiuliza kama mate yenyewe hayabatilishi saumu. Nyumba yao niliijua vizuri: mabibi na mababu wanne kitanda kimoja, supu ya kabichi kila siku. Kwetu Majengo ilikuwa mchicha tu badala ya kabichi.

Sasa namsomea binti ya kakangu, ana miaka minane. Juzi tukafika pale Willy Wonka, mwenye kiwanda cha chokoleti, anaposimulia alivyowapata wafanyakazi wake, Oompa-Loompa. Katika toleo la 1964 hao walikuwa mbilikimo weusi kutoka msitu wa Afrika. Watu Marekani wakalalamika, na 1973 wakageuzwa: ngozi nyeupe yenye wekundu, nywele za kahawia, kwao Loompaland. Nakala yetu ni ya baada ya hapo. Lakini tazama kilichobaki. Kabila zima, wake kwa waume na watoto wao, linapakiwa ndani ya masanduku yaliyotobolewa matundu ya kupumulia na kuvushwa bahari. Ujira wao ni kakao. Wonka anawajaribia vitu vyake. Mzee mmoja alinyweshwa kinywaji cha kupaisha, akapaa, hakuonekana tena, na hadithi ikaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Rangi wamebadilisha, mshahara wameuacha.

Mimi nakaa Kisauni. Kila nikienda mjini matatu hupita Kengeleni, penye ile kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa miaka ya 1870 kwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kwa mtu wa hapa, watu kutiwa masandukuni wakapakiwa melini si mzaha.

Binti alicheka. Nikamuuliza kama yeye angekubali kulipwa kakao.

“Na sukari wanapewa, shangazi?”

Basi tukaendelea.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Roald Dahl alitujua. Alikuja pwani hii 1938 kuifanyia kazi Shell huko Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili. Katika Going Solo, cha 1986, anamwandika mtumishi wake Mdisho kwa mapenzi, ila ni mapenzi ya bwana kwa boi wake.

Halafu kuna yale ya 1983. Alikuwa na hasira kwa vita vya Israel huko Lebanon, na hasira hiyo siwezi kumlaumu nayo. Lakini alipohojiwa na jarida la Uingereza akawageukia Wayahudi wote, akadai wana tabia inayowaletea uadui, na kwamba hata Hitler hakuwaandama bure. Familia yake iliomba radhi 2020, yeye mwenyewe akiwa amekufa tangu 1990. Najua wapo jamaa zangu ambao wangesema, “Si alisema kweli?” Hapana, hakusema kweli. Kupinga vita ni jambo moja. Kuhukumu taifa zima la watu, wachanga na vikongwe, ni uovu, na hautakasiki kwa sababu aliyeusema alikuwa upande wetu wa ugomvi.

Wengine huniambia nimsahau mwandishi nibaki na kitabu. Siwezi, maana kilichonipendeza utotoni ni ule ukali wake: mlafi Augustus anavutwa na bomba, nami nacheka, tena kwa roho safi. Utamu na ukatili wake vimepikwa chungu kimoja. Ndiyo maana mwaka 2023, wachapishaji walipomwondolea Augustus neno “mnene”, sikuona wamenifanyia hisani yoyote.

Kakangu anasema mtoto asomewe vya Kiswahili kwanza. Vipo, vimepangwa rafuni, na anavipenda. Ila keshapeleleza kwamba kuna kingine cha Dahl kiitwacho Matilda chenye mwalimu mkuu anayerusha watoto kwa nywele, na huyo, kama ninavyomjua huyu binti, hatasubiri hadi Ijumaa.