Nyimbo za kukimbia tunazo, za kupoa je?

Siku hizi naiwaza sana hii kitu ya muziki na mazoezi, leo ngoja niiandike kabisa. Muulize yeyote anayekimbia na hedifoni masikioni, atakutajia wimbo wake wa kuanzia, wa kupandia kilima, na ule wa dakika za mwisho miguu ikishagoma. Sasa muulize akimaliza anasikiliza nini. Wengi wanazima tu, au wanaacha ije yoyote itakayokuja, na mi naona hapo nusu nzima ya mazoezi inaachwa ijiendee yenyewe.

Kwenye kukimbia kwenyewe sina ubishi na mtu. Mwili unaudaka mdundo kabla hata hujaamua chochote. Nikiweka wimbo wa midundo 85 kwa dakika, kila mdundo mmoja nakanyaga hatua mbili, inakuja hatua 170, yaani ile spidi yangu ya kawaida kabisa, na baada ya muda sihesabu tena wala siangalii saa, miguu inajiendea. Hili watu walishaliona zamani sana. Mwaka 1911 Mmarekani mmoja, Leonard Ayres, aliandika kuhusu yale mashindano ya baiskeli ya siku sita mfululizo pale New York, bendi ikipiga waendesha baiskeli walikuwa wanaenda kama kilomita 31 na nusu kwa saa, bendi ikinyamaza wanashuka mpaka karibu 29. Watu walewale, baiskeli zilezile! Na Haile Gebrselassie, yule mkimbiaji wa Ethiopia, alipovunja rekodi ya mita 2000 ukumbini kule Birmingham 1998, spika zilikuwa zinapiga wimbo alioutaka mwenyewe ili hatua zake zishike mdundo.

Ila kinachonigusa zaidi ni hiki: moyo haudanganyiki. Kuna kipimo wanakitumia watu wa michezo, kiliwekwa na Msweden Gunnar Borg, kinaanzia 6 mpaka 20, unaulizwa tu hapo ulipo unajisikia umechoka kiasi gani, na namba unayotaja ukiizidisha mara kumi inakaribia mapigo ya moyo wako. Ukiwa na muziki unataja namba ndogo zaidi. Mwaka 2020 watafiti walizikusanya tafiti 139 wakaziangalia kwa pamoja, wakakuta muziki unaongeza raha, unapunguza ile hisia ya kuchoka, unasaidia hata matumizi ya oksijeni, lakini mapigo ya moyo karibu hayaguswi. Yaani kazi iko palepale, wewe ndo huisikii vizuri. Na ukikaza zaidi, ukafika pale huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, hata hiyo nafuu inapungua sana kwa sababu kifua na mapaja vinapiga kelele kuliko wimbo wowote.

Kwa hiyo ukisimama, mwili bado una deni ambalo muziki ulikuwa umekufichia. Moyo unaanza kushuka haraka dakika ya kwanza maana neva ya vegasi, ile inayoutuliza moyo, inarudi kushika breki, ila adrenalini iliyobaki kwenye damu inachukua muda mrefu zaidi kuondoka. Sasa wakati mwili unahangaika kushuka, masikioni bado kuna ngoma inayosema panda. Kwangu hii haiingii akilini kabisa.

Kuna utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake wa 2006 naupenda mno. Waliwasikilizisha watu 24 muziki wa aina tofauti, nusu yao wanamuziki, na tempo ilipokuwa ya haraka pumzi, presha na mapigo vilipanda. Hapo sawa, ungetegemea hivo. Lakini katikati walichomeka dakika mbili za ukimya, na kwenye huo ukimya vyote vikashuka chini kuliko hata kabla hawajaanza kusikiliza. Fikiria hiyo! Ukimya peke yake haukuwa na nguvu hiyo, ulihitaji kutanguliwa na muziki. Wale walikuwa wamekaa tu, hawajatoka kukimbia, ila tangu niusome nimeanza kuacha ukimya kidogo katikati ya nyimbo zangu za kupoa, na ndo dakika ninazozipenda kuliko zote.

Sisemi ukimaliza tu uweke wa kubembeleza mtoto. Dakika za mwanzo ukiwa bado unatembea, wa kuchangamsha kiasi unafaa, kuna utafiti mwingine wa 2012 vijana waliotoka kukimbia kwa nguvu walitembea zaidi wakiwa na muziki wa namna hiyo, na laktate, ile inayojazana ukikaza sana, ikapungua zaidi kwenye damu. Baada ya hapo ndo nakaa chini, mgongo ukutani, vidole viwili shingoni pembeni ya koo. Mwanzoni mshipa unagonga kwa fujo na pumzi zinatokea mdomoni, fupi fupi, wimbo wa taratibu unasikika kama uko mbali haukuhusu. Halafu pumzi moja ya kutoka inaongezeka urefu, inafuata filimbi ya kwenye wimbo inavyovutwa, inayofuata nayo hivohivo, na mdomo unafungika wenyewe. Vidole vinasikia nafasi kati ya pigo na pigo ikipanuka. Hapo ndo najua nimerudi.

Misuli kuuma kesho yake ni habari nyingine, hiyo inataka usingizi na chakula na muda, wimbo hauunganishi nyuzi za misuli. Na sauti jamani, tuipunguze, Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mwisho saa 40 kwa wiki, na jimu yenye kelele unajikuta unapandisha tu bila kujua.

Kitu kingine nimegundua, nyimbo ninazozijua maneno hazinifai kupoa hata ziwe polepole vipi, kichwa kinaimba, kinakumbuka, kinasubiri kiitikio. Naziweka zisizo na maneno, filimbi, kinanda, gita moja. Na sasa natafuta ndefu zaidi, maana wimbo wa dakika tatu unaisha wakati pumzi ndo kwanza zinatulia, ukifuatiwa na mwingine wa spidi mshipa unaanza tena kugonga na mi bado sijainuka pale ukutani.