Matundu ya kofia ya babu

Leo asubuhi, katika Soko la Majengo hapa Dodoma, nilimpelekea fundi kofia ya mkono aliyoniachia marehemu babu, kwa sababu mshono wa ukingo wake ulikuwa umeanza kufumuka.

Mzee yule hakuchukua sindano mara moja. Aliiinua kofia kuelekea jua, na mwanga ukapenya katika yale matundu madogo, kila moja likiwa limezungushiwa uzi kwa mkono, vidoa vyeupe vikatapakaa usoni mwake.

"Mjukuu wangu, hii mtu aliikalia kitako miezi," alisema.

Kazi hii ni ya pwani, Unguja na Lamu, na matundu hayo, pamoja na kuwa pambo, hupitisha hewa kichwani. Bereti ya sufu, vazi la wachungaji wa milima ya Pirenei kati ya Ufaransa na Hispania, ilikusudiwa baridi. Kofia yetu imeshonwa kwa ajili ya joto.

Babu aliivaa kila Ijumaa, nami sikuwahi hata siku moja kuitazama kwenye mwanga.

Ndugu zangu, ninyi mmerithi kofia gani, na nani aliishona?