Kutoka Memphis hadi Evansville kwa Hesabu za Mieleka

Nilitaka kujua kwa hesabu ni mwanamieleka yupi wa zamani aliyekuwa kinara. Safari ilianzia maktaba kuu ya Memphis, Tennessee, Marekani, kwenye maikrofilamu (filamu zenye picha ndogo za kurasa) za magazeti ya jiji. Miaka ya 1970 na 1980 mieleka ya hapa ilikuwa Jumatatu usiku, ukumbi wa Mid-South Coliseum, kwa hiyo unajua pa kutafuta: tangazo liko gazeti la Jumapili au Jumatatu, matokeo Jumanne. Kwenye Excel, kila mwanamieleka anapata mstari wake kwa kila pambano: tarehe, mji, jina, mpinzani, pambano la ngapi, kati ya mangapi.

Safu ya ushindi sikuiweka. Mshindi hupangwa kabla, na tarehe 5 Aprili 1982 inatosha kukuonya. Usiku huo mchekeshaji Andy Kaufman "alimshinda" Jerry Lawler, kipenzi cha Memphis, kwa kuwa Lawler alimkita kichwa chini kwa mtindo uliopigwa marufuku, refa akampa Kaufman ushindi. Mshindi akatolewa kwa machela! Ukihesabu ushindi, mchekeshaji yuko juu ya Lawler.

Nafasi ya pambano kwenye ratiba ya usiku ndiyo yenye habari. Promota anamjua anayemuuzia tiketi, na kwa kawaida humweka mwisho. Gawa namba ya pambano kwa jumla ya mapambano ya usiku ule: la kwanza kati ya 8 ni 0.125, la sita 0.75, la mwisho 1. Kisha tafuta wastani wa mapambano 10 yanayofuatana. Ukitumia chini ya 5, usiku mmoja wa kuziba pengo la mgonjwa unamporomosha mtu bure. Mtego mkubwa ni kwamba ripoti za magazeti mara nyingi hutaja pambano kuu kwanza. Ukiziingiza zilivyo, bingwa anaambulia 0.125. Na maikrofilamu iliyochubuka haitofautishi 3 na 8, kwa hiyo hakikisha tarehe inaangukia Jumatatu kweli.

Kutoka Memphis nilishika barabara ya I-40 hadi Nashville, kama kilomita 340, halafu I-65 kwenda Louisville, Kentucky, nyingine 280. Ni njia ya wanamieleka wenyewe: Jumanne Louisville, Jumatano Evansville, Jumamosi asubuhi walikuwa studio ya televisheni Memphis, mubashara, na usiku Nashville. Ukiiendesha mwenyewe unaelewa jinsi barabara inavyosafisha data. Panga jedwali kwa jina na tarehe. Jina moja likitokea miji miwili usiku mmoja, ama mji mmoja alitangazwa tu, hakufika, ama ni mtu wa barakoa, na barakoa ilivaliwa na watu wawili. Wa barakoa mpe namba tofauti kwa kila kipindi, mpaka upate uthibitisho. "Ndugu" wa ulingoni nao wasikuchanganye, wengi hawana hata tone la damu moja.

Louisville ilipokea vinara walewale wa Memphis, ila usiunganishe miji. Mtu mwenye 0.6 kule na 0.9 huku ndani ya mwezi mmoja si kosa la hesabu. Promota alimwona anauza zaidi huku. Kila mji upewe mstari wake kwenye grafu.

Evansville, Indiana, kilomita 195 mbele kwa I-64, iliniachia swali la mahudhurio. Idadi zinazoishia na sifuri tatu nilizitia rangi nyekundu: hizo ni za mdomo wa promota, hazikuhesabiwa mlangoni.