Mkufunzi, ubao na kompyuta

Leo nimerudi kwenye jambo linalonisumbua: msaada tunaowapa wakufunzi wa hisabati diskriti, yaani mantiki, seti, grafu na mbinu za kuhesabu. Tunaanza na programu ipi isakinishwe. Lakini mkufunzi hakwami hapo. Anakwama pale mashine inapotoa jibu lisilolingana na alichokiandika ubaoni, darasa zima likimtazama.

Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, kwa mfano, `{}` inaonekana kama seti tupu, kumbe ni kamusi tupu, yaani orodha ya majina na thamani zake; seti tupu huandikwa `set()`. Akitaka seti ndani ya seti, programu inagoma, kwa kuwa memba wa seti lazima kiwe kitu kisichobadilika. Seti ya ndani iwe `frozenset`, yaani seti isiyobadilika. Na `2^3` inatoa 1, wala si 8. Alama hiyo ni ya "ama hiki ama kile, si vyote viwili", na hufanya kazi tarakimu kwa tarakimu katika mfumo wa namba wa msingi wa mbili. Kipeo ni `**`. Asiyeambiwa haya mapema atadhani amekosea hisabati, na hilo linaumiza bure.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la mwanahisabati Euler: n² + n + 41. Wanafunzi waandike programu inayokagua kama jibu ni namba tasa, kwa `range(40)`, n ikianzia 0. Zote zinapita. Hapo mkufunzi aulize: je, tumethibitisha kwamba jibu ni namba tasa daima? Wengi watasema ndiyo. Sasa wabadilishe iwe `range(41)`. Kwa kuwa `range(40)` huishia 39, safari hii 40 inaingia kwa mara ya kwanza, na jibu ni 1681, yaani 41 × 41. Asiishie hapo. Awarudishe kwenye karatasi: 40² + 40 ni 40 × 41, ongeza 41, unapata 41 × 41. Mashine imeonyesha kwamba dai ni la uongo, na aljebra imeeleza kwa nini. Mwanafunzi aliyeona mifano 40 ikikubali na wa 41 ukikataa ana sababu ya kutaka uthibitisho.

Majedwali ya ukweli, yanayoorodhesha kila mpangilio wa kweli na uongo, hayahitaji maneno mengi: vigeu 3 kwa mkono, safu 8, ndipo kompyuta. Kisha wakadirie safu za vigeu 20 kabla ya kubonyeza chochote. Ni 1,048,576.

Fanksheni inayojiita yenyewe kutafuta namba za Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, inahitaji tahadhari. Ikiandikwa bila kuhifadhi majibu, kutafuta ya 30 huiita fanksheni mara 2,692,537. Weka kihesabio ndani yake ili namba hiyo ionekane, la sivyo wanafunzi watalaumu kompyuta kuwa nzito.

Kwa hiyo ningempa mkufunzi ukurasa mmoja kwa kila zoezi: jibu la mkono, kile kitakachotokea kwenye skrini, makosa mawili yanayojirudia na chanzo chake, na mahali pa kusimama ili wanafunzi wabashiri kwanza. Naye ajaribu zoezi mwenyewe siku moja kabla, kwenye kompyuta zilezile za maabara. Ya nyumbani kwake huenda ina toleo jingine la programu.